Jamaa Walioachwa Nje ya Ukuta wa Mathari

Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi, kupitia kwa Jaji Lawrence Mugambi, ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kwa miaka mingi kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Huku kwetu Malindi uamuzi huo uliwagusa watu kwa namna ya pekee. Hatukuwa tumesahau kwamba Juni 2023 watu 65 waliookolewa kutoka msitu wa Shakahola, ambako waumini wa mhubiri mmoja walikuwa wakifunga hadi kufa, wakiwa wamedhoofika na kuvurugwa na yale waliyopitishwa, walifikishwa mahakamani Shanzu na kushtakiwa kwa kosa hilohilo kwa kuwa walikataa kula. Kwa hiyo furaha ya Januari ilikuwa halali. Lakini tangu hapo imezoeleka kusemwa, redioni na barazani, na wakati mwingine na watu wanaopaswa kuijua sheria, kwamba sasa Kenya imekwisha kumtoa mgonjwa wa akili gerezani. Kauli hiyo haina ukweli, na ubaya wake ni kwamba inawafunika tena watu ambao hata kabla ya hapo walikuwa hawaonekani.

Uamuzi wa Januari uliondoa kosa moja. Haukuwagusa wale ambao, wakiwa wagonjwa, walimdhuru au kumuua mtu, au walituhumiwa hivyo, na ambao mahakama iliona ama hawawezi kujitetea, ama walitenda bila kujua walitendalo. Hao wangali wanazuiliwa chini ya vifungu vya 162 hadi 167 vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, wengine katika kitengo cha ulinzi mkali cha Mathari, hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili iliyoko Nairobi, wengine magerezani. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba muda ambao mtu kama huyo atakaa ndani, pamoja na usalama wake na wetu siku atakapotoka, hutegemea hali ya jamaa zake nyumbani kuliko tunavyokuwa tayari kukiri. Kama ni hivyo, basi kuwashika mkono jamaa hao tangu siku ya kwanza ya kuzuiliwa ni sehemu ya matibabu na sehemu ya ulinzi wa raia. Serikali inayolifanya jambo hilo haiwafanyii hisani, na inayoliacha inajidhuru yenyewe.

Tuanze na sheria, kwa sababu humo ndimo jamaa wanamoingizwa bila kutajwa. Kifungu cha 162 kinasema kwamba mshtakiwa asiyeweza kujitetea kwa sababu ya ugonjwa wa akili, ikiwa kosa lake lina dhamana, anaweza kuachiliwa iwapo itatolewa dhamana ya kutosha kwamba atatunzwa ipasavyo na kuzuiwa asijidhuru wala asimdhuru mwingine. Sheria haimtaji atakayemtunza na kumzuia, lakini kila aliyewahi kukaa katika mahakama ya Malindi anamjua: ni mama, ni dada, ni kaka mkubwa aliyeitwa kutoka kazini. Kosa likiwa zito, au dhamana ikikosekana, mshtakiwa huzuiliwa. Na yule ambaye kesi yake imesikizwa hadi mwisho, ikaonekana alilitenda tendo lakini alikuwa amerukwa na akili, kifungu cha 166 kinaelekeza kwamba taarifa ipelekwe kwa Rais, ambaye ndiye anayeamua azuiliwe wapi, na kwamba msimamizi wa mahali hapo atoe ripoti baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Huu ndio utaratibu uliozoeleka kuitwa kuzuiliwa kwa ridhaa ya Rais. Kifungo kina tarehe ya mwisho. Huu hauna.

Majaji wa Mahakama Kuu, katika kesi kadhaa tangu 2016, wamesema kwamba kumwachia Rais uamuzi huo kunainyang'anya mahakama kazi yake na kumweka mgonjwa katika kizuizi kisicho na kikomo. Baadhi yao wameamuru wagonjwa warejeshwe mbele ya mahakama ili hali yao ipimwe upya. Nauunga mkono mwelekeo huo bila kusita. Hata hivyo, umezaa swali ambalo zamani lilijificha katika faili za wizara na sasa linaulizwa waziwazi mbele ya jaji: mtu huyu akiachiliwa leo, nani atampokea? Daktari anaweza kuandika kwamba dalili zimetulia. Afisa wa probesheni ndiye hutumwa kijijini kuuliza kama nyumba ipo, kama jamaa wako tayari, kama waliofiwa wamepoa, na chifu anasemaje. Ripoti yake ikija na neno kwamba jamaa hawapatikani au hawamtaki, mgonjwa aliyepona hubaki palepale alipo. Kwa maneno mengine, tumepigania haki ya kufunguliwa mlango, na nyuma ya mlango huo tumemweka jamaa ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna aliyesema naye.

Umbali nao una sehemu yake katika habari hii. Mathari ilianza 1910 kama hifadhi ya wagonjwa wa akili ya utawala wa kikoloni, ikapata jina lake mwaka 1924, na ingali kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi, ikiwa ndiyo tegemeo la taifa zima kwa wagonjwa wanaohitaji ulinzi mkali. Kutoka Malindi ni takriban kilomita 600. Kutoka kisiwani Lamu safari huanza kwa mashua hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, barabara ambayo kwa miaka mingi baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi, halafu ama kushuka hadi Mombasa na kupanda tena kwenda bara, ama kukata kwa njia ya Hola na Garissa. Mtu wa kipato cha uvuvi au cha kusuka makuti hawezi kuifanya safari hiyo kila mwezi. Akiifanya mara moja kwa mwaka, amejinyima mengi. Naye anafika pale amechoka, hajui saa za kutembelea wagonjwa, hajui aingie na nini, na mlangoni anapekuliwa na askari kabla ya kusalimiwa na muuguzi.

Kuna ufa mwingine ambao hautajwi sana, nao umo ndani ya Katiba yetu wenyewe. Hospitali za rufaa za taifa, magereza na probesheni ziko chini ya serikali kuu. Huduma nyingine za afya, kuanzia zahanati ya kijiji hadi Hospitali ya King Fahd ya Lamu na hospitali ya Malindi, ziko chini ya kaunti. Kwa hiyo mgonjwa ni wa serikali kuu na mama yake ni wa kaunti, na katikati yao hakuna ofisi inayowajibika kwa uhusiano wa wawili hao. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imezipa kaunti jukumu la kuwahudumia wagonjwa wa akili, pamoja na huduma za karibu na jamii. Lakini kaunti humtafsiri mgonjwa kuwa ni yule aliye mbele yake, na huyu wa Mathari hayuko mbele yake. Mathari nayo humtafsiri jamaa kuwa ni mgeni wa siku ya kutembelea. Nimejaribu kutafuta katika mpangilio huu ni nani mwenye kazi ya kumpigia simu baba wa mgonjwa huko Faza, Lamu, kumwambia kwamba mwanawe amebadilishiwa dawa, nami sijamwona.

Ili tuelewe kinachohitajika ni lazima tuseme waziwazi kinachowafika watu hawa, kwa kuwa hali yao haifanani na ya mtu anayeuguza mgonjwa wa kisukari, wala hata ya anayeuguza mgonjwa wa akili wa kawaida. Wagonjwa wengi mno wa akili hawamdhuru mtu maishani mwao. Lakini kwa wale wachache waliodhuru, mara nyingi aliyedhurika ni mtu wa karibu: mzazi, mke, ndugu, jirani wa ukuta mmoja. Kwa hiyo jamaa tunayemwita mlezi huwa wakati huohuo ndiye mfiwa, na pengine ndiye shahidi wa upande wa mashtaka. Mama mmoja wa upande wa Magarini, ambaye mwanawe alimuua baba yake mdogo, aliniambia: "Mwanangu, mimi nilifiwa mara mbili siku moja, lakini tanga lilikuwa moja." Alikuwa anaishi katika boma la mumewe, yaani boma la marehemu. Kumlilia mwanawe kungekuwa kuwatukana wafiwa, na kumtembelea kungekuwa kuchagua upande. Hakwenda kumwona, na katika faili aliandikwa kuwa jamaa hawaonyeshi nia.

Juu ya hayo kuna maelezo ambayo jamii hujipa kuhusu chanzo cha ugonjwa. Pwani yetu ina elimu kubwa na imani nyingi kuhusu majini, pepo na kurogwa, na sina haja ya kuwadharau wanaoziamini, kwa kuwa mganga mara nyingi ndiye mtu pekee aliyeikalisha familia nzima kitako na kuisikiliza. Lakini katika Kaunti ya Kilifi tunajua swali la nani alimroga linaishia wapi. Linaishia kwa bibi au babu mwenye mvi. Wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kule Ganze. Familia ambayo mwanawe amefanya tendo la kutisha na ambayo hakuna mtaalamu aliyeieleza ugonjwa huo ni nini, itatafuta maelezo mahali pengine, na maelezo hayo yanaweza kuzaa kifo cha pili. Sioni hoja yenye nguvu kuliko hii ya kumtuma muuguzi wa afya ya akili katika boma hilo ndani ya wiki za mwanzo.

Sasa nizipime hoja za wanaopinga, maana zipo na baadhi yake ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya fedha. Watasema kwamba hospitali ambayo mara nyingine haina dawa ya mgonjwa haiwezi kuanza kuwalipia nauli jamaa wa mgonjwa. Nakubali kwamba dawa hutangulia. Lakini hoja hii inahesabu upande mmoja tu wa daftari. Kila mtu aliyepona na ambaye bado yuko ndani kwa sababu nyumbani hapaeleweki analishwa, analindwa na kutibiwa kwa fedha za umma, na anakalia kitanda anachokihitaji mwingine aliye mgonjwa kweli, ambaye kwa kukosa kitanda hicho yuko rumande gerezani. Isitoshe, mengi ya wanayoyahitaji jamaa mwanzoni hayana gharama kubwa: mtu mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu, maelezo ya ugonjwa kwa lugha wanayoielewa, ratiba ya kesi, na taarifa mapema kabla ya mgonjwa kuhamishwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF Oktoba 2024, imejengwa kulipia matibabu, na sidai ilipe nauli. Nadai tu kwamba anayeandika bajeti akubali kuwa jamaa aliyekatika na mgonjwa wake ni gharama ambayo tayari tunailipa.

Hoja ya pili ni ya siri ya mgonjwa, na hii hutolewa na watu wema. Mgonjwa ni mtu mzima, ana haki kwamba yanayosemwa na daktari wake yasifike kijijini, hasa pale ambapo jamaa ndio waliomfunga minyororo kabla hajakamatwa, jambo ambalo hutokea. Siipuuzi hoja hii. Lakini wahudumu wamezoea kuitumia kama kufuli la nyumba nzima, ilhali inafunga chumba kimoja tu. Kumweleza mama ugonjwa wa skizofrenia unavyokwenda, dawa zake zinavyofanya kazi na dalili gani huashiria kwamba mtu anarudi nyuma, hakuhitaji kufungua faili la mtu yeyote. Kumsikiliza mama huyo nako hakuvunji siri ya yeyote, bali kunampa daktari kile ambacho hawezi kukipata wodini: ugonjwa ulianzaje, nini humtuliza, alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuugua. Na yale yaliyo ya siri kweli, mgonjwa aulizwe, kisha aulizwe tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu anayesema leo hataki mamake ajue lolote aghalabu ni ugonjwa unaosema, au aibu.

Kuna pia wanaosema kwamba familia yenyewe ndiyo inayomrudisha mgonjwa katika ugonjwa. Hawa wana ushahidi. Huko London, tangu miaka ya 1950, George Brown na wenzake walichunguza wagonjwa waliorudishwa nyumbani kutoka hospitali, wakaona kwamba waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au jamaa waliozidi kuwaingilia, ndio walioelekea zaidi kuugua tena. Wengi wanaoutaja utafiti huo huishia hapo, wakahitimisha kwamba jamaa ni hatari. Uchunguzi uliofuata ulikwenda mbele: familia zilipofundishwa ugonjwa huo na kusaidiwa kutatua migogoro yao, wagonjwa wao waliugua tena kwa nadra zaidi. Lawama nyumbani mara nyingi ni hofu iliyokosa wa kuielewesha. Anayemwona mwanawe amejifungia chumbani akidhani ni uvivu atamgombeza, na akielezwa kwamba huko kujitenga ni sehemu ya ugonjwa ataanza kumsemesha kwa namna nyingine.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, na hutoka midomoni mwa viongozi. Inasema kwamba sisi Waafrika tuna undugu, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba mambo ya serikali kuwasaidia walezi ni ya Wazungu waliozoea kuwatupa wazee wao. Wahenga wa mwambao walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ulivyo mzigo huu kwa wanaousifia kwa mbali. Ukoo hukutana kweli. Hukutana siku ya mkasa, siku ya mazishi, na siku ya kuzungumzia fidia, iwe ni dia kwa taratibu za Kiislamu au kwa mila za Mijikenda. Baada ya hapo wanaume hurudi makazini, na anayebaki na mgonjwa, au na jina la mgonjwa, ni mwanamke mmoja. Huyo ndiye atakayeuza mbuzi kulipa wakili, ndiye ambaye binti yake ataachwa na mchumba kwa kuwa nyumba hiyo ina kichaa, na ndiye atakayepigiwa simu na afisa wa probesheni baada ya miaka 6 kuulizwa kama yuko tayari. Undugu upo, na mimi ni zao lake. Lakini undugu unaotegemewa kufanya kazi ya wodi, ya polisi na ya mahakama bila maarifa wala msaada hukatika, na ukikatika tunaulaumu kwa kukatika.

Hao wanaotaja Wazungu wangefaidika kutazama kinachofanyika huko kwa makini zaidi. Uingereza ina hospitali tatu za ulinzi wa juu kabisa, Broadmoor iliyofunguliwa 1863, Rampton na Ashworth, na chini yake vitengo vya ulinzi wa kati na wa chini ambavyo mgonjwa huteremka hatua kwa hatua kadiri anavyopata nafuu. Nako jamaa husafiri mbali na hulalamika kuachwa gizani. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 huduma ya taifa ya afya ya huko ilitoa mwongozo mahususi wa kuwasaidia na kuwashirikisha jamaa wa wagonjwa walio katika vitengo vya ulinzi, na kabla ya hapo sheria ya mwaka 2014 ilikuwa imempa anayemlea mtu mzima haki ya kupimwa mahitaji yake mwenyewe, mbali na ya mgonjwa. Sisemi tunakili. Nchi yenye ngazi za kushukia na nchi yenye ukuta mmoja tu haziwezi kufuata mpango mmoja. Nililojifunza ni kwamba hata walikojenga ngazi zote hizo, waligundua kuwa zinamfikisha mgonjwa mlangoni kwa mama yake, na kwamba mlango huo unahitaji maandalizi yake wenyewe.

Nasi hatuanzi na mikono mitupu. Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni tangu 2015, ambako watu waliokuwa wamekatiwa tamaa na kila mtu kwa sababu ya heroini huja kunywa dawa chini ya usimamizi, karibu na kwao, huku wengi wakisindikizwa na dada na mama zao. Miaka michache kabla ya hapo jambo hilo lingeambiwa haliwezekani. Mahakama zetu, tangu janga la korona la 2020, zimezoea kusikiliza watu walio mbali kwa njia ya video. Njia hiyohiyo inayomleta mshtakiwa kutoka gerezani mbele ya hakimu inaweza, mara moja kila baada ya miezi mitatu, kumkalisha mama wa Magarini au wa Pate mbele ya daktari na mwanawe aliye Nairobi, katika chumba cha mahakama ya Malindi au ya Lamu kilicho tupu alasiri. Na wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa nchini Septemba 2023 tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa kuijua nyumba ambayo mtu wake yuko Mathari, na kuiingia kwa heshima bila kuitangaza, watakuwa wamefanya ambalo hakuna ofisi ya Nairobi inayoweza kulifanya.

Linalobadilika zaidi, kama hoja hii ni sahihi, ni wakati. Leo afisa wa probesheni hutumwa mwishoni, karibu na siku ya kuachiliwa, wakati msimamo wa familia umekwisha kuganda. Jaji anayetoa amri ya kuzuiliwa angeweza siku hiyohiyo kuagiza ripoti ya kwanza ya nyumbani, na kuutaja upande wa kaunti utakaoifuatilia familia. Hapo ndipo mazungumzo na wafiwa yangeanza, yakasimamiwa na wazee na viongozi wa dini wakati jeraha bado linaweza kutibiwa, badala ya kuanza pale mtu anaporudi na kila mmoja ameshika silaha yake moyoni. Hapo pia ndipo kaunti ingepata muda wa kuhakikisha kwamba sindano ya kila mwezi ambayo mgonjwa atatoka nayo Mathari inapatikana katika hospitali ya karibu, maana mara nyingi sana tumemlaumu mama kwa mgonjwa kuacha dawa, kumbe dawa ndiyo iliyomwacha.

Limebaki jambo moja ambalo watetezi wenzangu hawapendi kulisema. Kumsaidia jamaa kwa dhati ni pamoja na kumruhusu akatae. Mjane ambaye mumewe aliuawa na mwanawe wa kambo hawezi kulazimishwa na jaji, na daktari, na imamu au mchungaji, kumpikia muuaji huyo hata kama amepona kabisa. Kukataa kwake ni haki yake, na kusiwe ndiko kunakomfanya mwingine aozee ndani. Ikiwa tumeweza, huku Kilifi, kupata mahali pa kuwahifadhi wazee ambao vijiji vyao vimewakataa kwa uongo wa uchawi, tunaweza kupata nyumba ndogo ya mpito yenye usimamizi hapa Malindi, ambako kuna Mahakama Kuu, hospitali na ofisi ya probesheni, kwa ajili ya wachache wanaotoka Mathari bila pa kwenda, wa Kilifi, wa Lamu na wa Tana River. Gharama yake ingegawanywa baina ya serikali kuu na kaunti hizo tatu. Ndipo ripoti ya nyumbani, ambayo sasa kimsingi humtaka jamaa aseme anamkubali au hamkubali, itakapoweza kuwa na jibu la tatu ambalo wengi wangelitoa kama wangeulizwa: kwamba wanamkubali, lakini aishi kwingine kwanza, waje kumwona Ijumaa au Jumapili, na wapewe mwaka mmoja wa kuzoeana naye tena.